Mgawanyo wa ukubwa wa chembe na kujaa kwa unga

Mgawanyo wa ukubwa wa chembe ni maelezo ya kiasi cha chembe za kila ukubwa zilizomo katika unga, mchanga au mchanganyiko mwingine wa punje. Ni mojawapo ya mambo makuu yanayoamua jinsi unga unavyojaa chombo, yaani ni sehemu gani ya ujazo wa chombo inayoshikwa na chembe zenyewe na ni sehemu gani inayobaki kuwa hewa.

Watu wengi hudhani kwamba unga ukisagwa laini zaidi hujaa vizuri zaidi. Ukweli ni kwamba ulaini peke yake hauamui. Chembe kubwa sana zikiwa zote za ukubwa mmoja, na chembe ndogo sana zikiwa zote za ukubwa mmoja, zinaweza kuacha hewa kwa kiwango kilekile. Nafasi hupungua pale chembe za ukubwa tofauti zinapochanganywa kwa uwiano unaofaa. Tena, chembe zikipungua kupita kiasi huanza kushikamana, na unga hujaa vibaya kuliko ule wa chembe kubwa.

Suala hili lina uzito katika shughuli nyingi za uchumi. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, hasa mikoa ya Mbeya na Iringa, linagusa upimaji wa unga wa mahindi, utengenezaji na matumizi ya saruji, uchenjuaji wa dhahabu na usindikaji wa pareto.

## Maneno ya msingi

*Kiwango cha kujaa* ni sehemu ya ujazo wote inayoshikwa na chembe. Kama lita 10 za unga zina lita 6 za chembe na lita 4 za hewa, kiwango cha kujaa ni asilimia 60. Sehemu inayobaki, asilimia 40, huitwa *uwazi*.

*Densiti ya chembe* ni masi ya chembe ikigawanywa kwa ujazo wa chembe yenyewe. *Densiti ya lundo* ni masi ya unga ikigawanywa kwa ujazo wote, pamoja na hewa iliyo katikati ya chembe. Kwa hiyo unga mmoja una densiti moja ya chembe, lakini densiti yake ya lundo hubadilika kufuatana na namna ulivyomiminwa, ulivyotikiswa au ulivyoshindiliwa.

Chembe ndogo hupimwa kwa *mikromita*. Mikromita 1,000 ni sawa na milimita moja.

## Chembe za ukubwa mmoja

Mfano mwepesi zaidi ni ule wa tufe zinazolingana. Zikipangwa kwa utaratibu kama wauzaji wa machungwa wanavyoyapanga sokoni, hujaza takriban asilimia 74 ya nafasi. Mwaka 1611 mwanaastronomia Mjerumani Johannes Kepler alipendekeza kwamba hakuna mpangilio unaoweza kuzidi kiwango hicho. Mwanahisabati Mmarekani Thomas Hales alitangaza uthibitisho wa dai hilo mwaka 1998, na uhakiki wake kwa kompyuta ulikamilika mwaka 2014.

Tufe zilizomiminwa ovyo hazifikii kiwango hicho. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1960 yalionyesha kwamba zikimiminwa bila kutikiswa hujaza takriban asilimia 60, na zikitikiswa vizuri hufikia takriban asilimia 64, kisha hukwama hapo.

Viwango hivyo havitegemei ukubwa wa tufe. Pipa lililojaa mipira na pipa lililojaa gololi ndogo huwa na kiasi karibu sawa cha hewa, mradi kila pipa lina tufe za ukubwa mmoja tu na chombo ni kikubwa kuliko tufe zenyewe. Kwa hiyo kusaga peke yake hakuondoi nafasi. Hugawa tu nafasi kubwa chache kuwa nafasi ndogo nyingi.

## Chembe za ukubwa tofauti

Nafasi hupungua chembe ndogo zinapoingia katikati ya chembe kubwa. Tufe tatu zinazogusana huacha kipenyo chembamba katikati yao. Tufe ndogo inaweza kupita hapo ikiwa kubwa ina kipenyo cha takriban mara 6.5 ya kile cha ndogo, au zaidi. Kama tofauti ni ndogo kuliko hiyo, chembe ndogo huzisukuma kubwa zitengane badala ya kujaza nafasi zao.

Faida yake inaweza kukadiriwa kwa hesabu. Chembe kubwa zikijaza asilimia 64, hubaki uwazi wa asilimia 36. Chembe ndogo sana zikiingia katika uwazi huo na kujaza asilimia 64 yake, huongeza takriban asilimia 23 ya ujazo wote. Jumla inakuwa asilimia 87. Katika mchanganyiko huo, chembe kubwa ni karibu robo tatu na chembe ndogo ni zaidi kidogo ya robo moja. Kundi la tatu lililo dogo zaidi, kwa hesabu hiyohiyo, lingepandisha jumla hadi asilimia 95. Hicho ni kiwango cha kinadharia: katika unga halisi chembe si tufe na hazichanganyiki kikamilifu.

Uwiano ni muhimu kama ukubwa. Chembe ndogo zikiwa chache, nafasi nyingi hubaki tupu. Zikiwa nyingi mno, chembe kubwa huelea ndani yake bila kugusana, na kiwango cha kujaa hushuka tena.

Unga unaotoka kwenye kinu huwa na ukubwa wa kila namna kwa mfululizo, si makundi mawili au matatu tu. Kwa hali hiyo wahandisi hutumia mkondo wa mgawanyo. Mwaka 1907 Wamarekani William B. Fuller na Sanford E. Thompson walichapisha mkondo kwa ajili ya zege. Kwa mujibu wake, sehemu ya punje zinazopita kwenye tundu fulani la chekecheke hupatikana kwa kugawa ukubwa wa tundu hilo kwa ukubwa wa punje kubwa kuliko zote, kisha kutafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kama punje kubwa ni milimita 20, basi nusu ya mchanganyiko ipite kwenye tundu la milimita 5, na robo ipite kwenye tundu la milimita 1.25.

## Unga laini na mshikamano

Kanuni zilizotajwa hufaa vizuri kwa kokoto na mchanga. Kwa unga laini kuna jambo jingine: chembe huvutana. Kani hizo, zinazoitwa kani za van der Waals, zipo kati ya chembe zote, lakini kwa chembe kubwa hazionekani kwa sababu uzito huzishinda.

Uzito wa chembe hupungua haraka kuliko mvuto kati ya chembe. Kipenyo kikipungua mara 10, uzito hupungua mara 1,000 lakini mvuto hupungua takriban mara 10 tu. Ukilinganisha na uzito, basi, mvuto umekuwa na nguvu mara 100. Kwa unga mkavu, athari hiyo huanza kuonekana chembe zinapokuwa ndogo kuliko mikromita 100 hivi, na hutawala zinapokuwa chini ya mikromita 20 au 30. Mwaka 1973 mtafiti Derek Geldart aligawa unga wa kila aina katika makundi manne kulingana na tabia zake hewa inapopitishwa ndani yake. Kundi C ni la unga unaoshikamana, na ndilo lenye saruji na unga wa nafaka uliosagwa laini sana.

Chembe zinazoshikamana haziteleziani hadi zipate mahali pa kukaa. Mara zinapogusana hukwama, zikijenga matao na mabonge yenye hewa nyingi ndani. Ndiyo maana unga laini uliomiminwa huweza kujaza asilimia 25 hadi 40 tu ya nafasi, wakati mchanga mkavu hujaza asilimia 60.

Unyevu huzidisha hali hiyo. Maji kidogo kati ya chembe hujenga viungo vinavyozivuta pamoja. Mchanga wenye unyevu kidogo huumuka na kuchukua nafasi kubwa kuliko mchanga mkavu wa masi ileile, mara nyingi kwa robo nzima. Katika Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua hunyesha hasa kati ya Novemba na Aprili au Mei, fundi anayepima mchanga kwa ndoo anaweza kupata mchanga pungufu wakati wa masika kuliko wakati wa kiangazi, ingawa idadi ya ndoo ni ileile.

## Upimaji

Njia ya zamani ya kupima mgawanyo ni kuchekecha. Sampuli iliyopimwa hupitishwa kwenye chekecheke zilizopangwa kuanzia yenye matundu makubwa hadi yenye matundu madogo, kisha kila kilichobaki hupimwa kwa mizani. Chekecheke za kawaida hufaa hadi mikromita 75 au chini kidogo. Kwa chembe ndogo zaidi hutumiwa kasi ya kuzama katika kimiminika, ambapo chembe ndogo huzama polepole, au mtawanyiko wa mwanga wa leza.

Matokeo huandikwa mara nyingi kwa namba tatu. D50 ni ukubwa ambao nusu ya masi ya unga iko chini yake. D10 ni ule ambao asilimia 10 iko chini yake, na D90 asilimia 90. Unga wa aina mbili unaweza kuwa na D50 moja lakini ukajaa kwa namna tofauti kabisa, kwa sababu mmoja una chembe zinazolingana na mwingine una mchanganyiko mpana.

Jinsi unga unavyojaa hupimwa kwa kulinganisha densiti mbili za lundo: ya unga uliomiminwa tu na ya unga uliogongwagongwa hadi usishuke tena. Ya pili ikigawanywa kwa ya kwanza hutoa uwiano wa Hausner. Uwiano ulio chini ya 1.25 huonyesha unga unaotiririka vizuri. Uliozidi 1.4 huonyesha unga unaoshikamana.

## Mifano kutoka Nyanda za Juu Kusini

### Unga wa mahindi

Mbeya na Iringa ni miongoni mwa mikoa inayolima mahindi kwa wingi nchini Tanzania. Mahindi husagwa kuwa dona, yaani punje nzima, au hukobolewa kwanza ili kupata sembe. Dona huwa na vipande vya pumba pamoja na unga laini. Sembe huwa na chembe zinazokaribiana zaidi kwa ukubwa na asili. Hivyo debe la dona na debe la sembe si lazima viwe na uzito mmoja.

Hata unga uleule hutofautiana. Tuseme unga uliomiminwa taratibu una gramu 500 kwa kila lita, na ukigongwagongwa unafikia gramu 650. Debe la lita 20 litakuwa na kilo 10 katika hali ya kwanza na kilo 13 katika hali ya pili. Uwiano wa Hausner hapo ni 1.3. Muuzaji na mnunuzi wanaotumia kopo au debe wanaweza kutofautiana kwa kilo tatu bila yeyote kupunja kipimo kwa makusudi. Anayejua siri hiyo anaweza pia kununua kwa debe lililoshindiliwa na kuuza kwa debe lililomiminwa. Hiyo ni sababu mojawapo ya Wakala wa Vipimo Tanzania kuhimiza matumizi ya mizani badala ya vipimo vya ujazo.

### Saruji na pozolana

Kiwanda cha saruji cha Mbeya kipo Songwe, magharibi mwa jiji la Mbeya. Eneo hilo lina mawe ya chokaa, na jirani yake kuna miamba na majivu ya volkeno za Rungwe. Mlipuko mkubwa wa Mlima Rungwe, uliotokea takriban miaka 4,000 iliyopita, ulitandaza matabaka mazito ya pumisi, yaani jiwe jepesi lenye vitundu vingi.

Mawe ya volkeno ya namna hiyo yakisagwa laini huweza kutumika kama pozolana. Jina hilo limetokana na mji wa Pozzuoli nchini Italia, ambako Waroma wa kale walichimba majivu ya volkeno kwa ajili ya ujenzi. Silika iliyomo humenyuka polepole pamoja na chokaa inayotokea saruji inapoganda, na kuongeza nguvu ya zege kadiri siku zinavyopita. Kiwango cha Ulaya EN 197-1 kinaruhusu saruji ya kundi CEM II/B-P kuwa na pozolana ya asili ya asilimia 21 hadi 35.

Chembe za saruji huanzia chini ya mikromita 1 hadi karibu mikromita 100. Kabla ya uji wa saruji kutiririka, maji lazima yajaze kwanza nafasi zote kati ya chembe. Kama chembe zimepangana vizuri, maji yanayohitajika ni machache, na zege likikauka hubaki na vitundu vichache na huwa imara zaidi. Kama pozolana imesagwa kwa ukubwa unaoziba nafasi za saruji, husaidia hata kabla ya kumenyuka. Kama imesagwa laini mno, hutengeneza mabonge na kuhitaji maji mengi. Fundi akiongeza maji ili zege lilainike, nguvu iliyotarajiwa hupungua.

Kwa sababu hiyo, kipimo cha Blaine, ambacho hupima ulaini wa saruji kwa kasi ya hewa inayopita ndani yake, hakitoshi. Hutoa jumla ya eneo la uso wa chembe, lakini hakionyeshi chembe zimegawanyika vipi. Saruji mbili zenye Blaine moja zinaweza kuhitaji maji tofauti.

Katika hesabu za ujenzi, mfuko wa kilo 50 huchukuliwa kuwa na ujazo wa takriban lita 35. Densiti ya chembe za saruji ya kawaida ni takriban kilo 3.15 kwa lita, kwa hiyo chembe zenyewe ni lita 16 tu. Zaidi ya nusu ya mfuko ni hewa. Saruji iliyotoka tu kumiminwa inaweza kuwa na kilo 0.83 kwa lita, na kilo 50 zikachukua lita 60. Ndiyo maana inashauriwa kuhesabu saruji kwa mifuko mizima, si kwa makarai.

### Marudio ya dhahabu

Wilaya ya Chunya mkoani Mbeya ina uwanja wa dhahabu wa Lupa, uliovuta wachimbaji wengi kuanzia miaka ya 1920. Wachimbaji wadogo husaga mawe kwa makarasha na kukamata dhahabu kwa maji na zebaki. Mabaki yake, yanayoitwa marudio, bado huwa na dhahabu. Huwekwa kwenye matangi na kupitishiwa maji yenye sianidi, ambayo huyeyusha dhahabu iliyobaki.

Hapa kujaa vizuri ni hasara. Kusaga laini hufichua dhahabu iliyofungwa ndani ya jiwe, lakini maji lazima yapite. Kasi ya maji hutegemea mraba wa kipenyo cha chembe na pia uwazi. Kwa kanuni ya Kozeny na Carman, uwazi ukishuka kutoka asilimia 45 hadi 30, upitishaji hupungua zaidi ya mara tano, hata kama ukubwa wa wastani wa chembe haukubadilika. Matope laini yakijaza nafasi za mchanga, tangi huziba. Maji hutafuta njia chache za kupita na kuacha sehemu kubwa ya marudio bila kuguswa, na mwenye marudio hupoteza dhahabu na dawa pamoja.

Suluhisho linalotumika katika uchenjuaji ni kutenganisha matope na mchanga, au kuchanganya marudio na chokaa au saruji kidogo pamoja na maji ili chembe laini zishikamane kuwa punje kubwa. Mshikamano ule ule unaoharibu ujazaji wa unga hapa hutumika kwa faida.

### Pareto

Mafinga, mkoani Iringa, ina kiwanda cha kusindika pareto. Maua yaliyokaushwa husagwa, kisha kiyeyushi hupitishwa ndani yake ili kutoa pairethrini, dawa ya kuua wadudu. Kanuni ni ileile ya marudio: maua yaliyosagwa vipande vikubwa hayatoi dawa yote, na yaliyosagwa laini mno huzuia kiyeyushi kupita.

## Kujitenga kwa chembe

Mchanganyiko mzuri unaweza kuharibika wakati wa kusafirishwa. Ukitikiswa, chembe ndogo huteremka kupitia nafasi zilizo kati ya kubwa, na chembe kubwa hupanda juu. Gunia la dona lililosafirishwa kwenye barabara mbaya linaweza kuwa na pumba nyingi juu na unga laini chini, kwa hiyo kopo lililochotwa juu haliwakilishi gunia zima. Sampuli ya kupima ubora inapaswa kuchotwa juu, katikati na chini. Unga laini sana hautengani kwa urahisi hivyo, kwa sababu chembe zake zimeshikana.

## Jaribio rahisi

Wanafunzi wanaweza kuonyesha kanuni hizi kwa mahindi na ulezi, kwani punje ya hindi ni kubwa mara kadhaa kuliko ya ulezi. Kopo moja la mahindi na kopo moja la ulezi humiminwa pamoja katika ndoo, huchanganywa vizuri, kisha hupimwa upya kwa kopo lilelile. Mchanganyiko hautafika makopo mawili, kwa sababu ulezi umejaza nafasi zilizokuwa kati ya mahindi. Masi haijapungua, na mizani itathibitisha hivyo.

Jaribio la pili ni kujaza kopo kwa sembe bila kulitikisa, kulipima kwa mizani, kisha kuligonga mezani mara nyingi huku likiongezwa unga hadi lisishuke tena, na kulipima upya. Uzito wa pili ukigawanywa kwa wa kwanza hutoa uwiano wa Hausner wa unga huo. Jaribio likirudiwa kwa mchanga mkavu, uwiano huwa mdogo zaidi.